Askari Wasiorudi Kambini

Kiswahili cha Uganda kina harufu ya kambi. Wengi wetu tuliokipata mbali na pwani tulikipokea kwa askari, kwa polisi, kwa wachuuzi wa Busia na madereva wa malori ya Malaba. Mpaka leo kuna wazee Kampala ambao ukiwasalimia kwa Kiswahili hukutazama kiunoni kwanza ndipo waitikie. Kwa hiyo sikushangaa kwamba UKIMWI ulipotufika na wahudumu wakatafuta namna ya kumweleza mgonjwa kinga ya mwili ni kitu gani, waliangukia kwa askari. Kwa Kiganda ni abaserikale, neno lililochongwa kutoka kwenye "serikali" yetu. Askari wako wamebaki mia moja. Askari wameanza kurudi. Aliyewahi kukaa kwenye benchi la kliniki ya ARV anaijua hesabu hiyo.

Mfano huo uliokoa watu na siubezi. Mtu asiyejua CD4, zile chembe nyeupe za kinga zinazohesabiwa kwenye damu, ni nini, alielewa kwa nini ameze vidonge kila siku hata akijisikia mzima. Tatizo la mfano mzuri ni kwamba hauondoki kazi ikiisha. Huu wetu umeingia sokoni. Redio asubuhi, kipaza sauti juu ya gari, chupa za mitishamba, tembe za vitamini, unga wa tangawizi na limau, vyote vinaahidi kitu kimoja: kuongeza kinga. Kuongeza hadi wapi, haulizi mtu. Na swali hilo lingepaswa kuzaliwa hapa kabla ya kwingine kokote, kwa kuwa watu wazima wa nchi hii wanakumbuka vizuizi vya barabarani vya miaka ya 1970 na 1980. Tuliishi na askari wengi. Tuliloliogopa ni nani aliyewatoa nje, walikuwa wanamtafuta nani, na kama kuna mtu aliyewafundisha njia ya kurudi.

Hoja yangu ni hii: mengi ya magonjwa yanayojaza wodi zetu ni kazi ya kinga yenyewe, kinga iliyotoka ikiwa na sababu na kisha ikakosa kipimo. Ushahidi wake mwingi umepatikana hapahapa Uganda, kwa damu ya watu wetu na jasho la watafiti wetu, na bado tunauza dawa, tunazinunua na kuzimeza kana kwamba kinga ni ya kuongezwa tu.

Kisa kinachoniuma kuliko vyote kilichapishwa mwaka 2014. Wagonjwa 177 wa VVU, wa Kampala, Mbarara na Cape Town, walikuwa na homa ya uti wa mgongo iletwayo na kuvu wa kriptokokasi. Walitibiwa kuvu, na swali likabaki: ARV ianze lini? Ndani ya wiki moja au mbili, au ingoje hadi kama wiki ya tano? Mwenye hesabu ya askari kichwani angejibu bila kufikiri kwamba upesi ndiyo bora. Kufikia wiki ya 26, kati ya waliowahishwa walikuwa wamekufa asilimia 45. Kati ya waliongojeshwa, asilimia 30. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati wake.

Waliokuwa hatarini zaidi ni wale ambao maji ya uti wa mgongo wao yalikuwa karibu hayana chembe nyeupe. Ubongo umejaa kuvu, na kinga haina habari. Maelezo yanayoshukiwa zaidi ni kwamba dawa iliwaamsha askari hao katikati ya nyumba iliyojaa adui, ndani ya fuvu, mahali ambapo uvimbe kidogo tu hauna pa kwenda. Leo miongozo inataka kuvu apunguzwe kwanza, wiki nne hadi sita, ndipo ARV ifuate. Nimewahi kumsikia ndugu wa mgonjwa akimfokea daktari kwa kuchelewesha ARV. Alikuwa na haki ya kuogopa. Alichokosa ni mtu wa kumweleza kwamba kuchelewesha huko ndiyo tiba.

Madaktari huuita uvimbe wa namna hiyo inflamesheni. Mimi nitauita mwako, maana ndivyo unavyohisiwa: joto, wekundu, kuvimba, maumivu. Bila mwako kidonda hakiponi na vijidudu havifi. Kinachotutesa ni mwako usiozimika, au uliowashwa mahali pasipohusika.

Nenda mwaloni uone. Mgeni kutoka Ulaya akiogelea Ziwa Victoria mchana mmoja, wiki kadhaa baadaye anaweza kulala hoi kwa homa, kikohozi na vipele vya kuwasha mwili mzima, na damu yake ikipimwa inakutwa imejaa eosinofili, zile chembe nyeupe zinazohusika na minyoo na mzio. Hiyo ni homa ya Katayama, mwanzo wa kichocho, iliyopewa jina la eneo moja la Japani ilikoelezwa zamani. Mtoto wa mvuvi anayeoga maji hayohayo tangu ajifunze kutembea, kwa kawaida haipati. Kichocho anacho, pengine kingi kuliko cha mgeni. Mwili wake ulishakutana na mnyoo huyo tangu tumboni mwa mama, wakazoeana.

Kuzoeana huko kuna gharama yake. Mnyoo jike wa kichocho cha tumbo hutaga mamia ya mayai kwa siku. Mengine hutoka na kinyesi, mengine husombwa na damu hadi kwenye ini yakanasa. Mnyoo mwenyewe huweza kukaa mshipani miaka mingi bila kusumbuliwa, kwa kuwa hujipaka protini za mwenye nyumba na kinga ikimwona humdhania wa ukoo. Yai ndilo linaloudhi. Chembe nyeupe hulizingira, hulijengea ukuta, ukuta hugeuka kovu, na makovu yakikusanyika damu hukosa njia ndani ya ini. Inatafuta njia nyingine, kupitia mishipa ya koo la chakula, mishipa hiyo inatanuka, na siku moja inapasuka. Kule Ziwa Albert wanaujua mwisho wake: mvuvi aliyevuta nyavu juzi anatapika damu beseni zima, na wapo watakaosema amerogwa.

Hapo unaweza kudhani kwamba ukuta ule ndio adui, na kwamba tungeuzuia tungepona. Sivyo. Panya walionyang'anywa chembe T, kundi la chembe nyeupe zinazoongoza kinga, huharibiwa ini na sumu ya mayai upesi zaidi, wakafa mapema. Ukuta unaotuua pole pole ndio unaotukinga tusife haraka. Tena mnyoo naye anauhitaji, kwa kuwa yai halina miguu. Husukumwa kupenya utumbo kwa msaada wa mwako huohuo. Katika miaka ya 1990 magharibi mwa Kenya, waosha magari wa Ziwa Victoria wenye VVU walionekana kutoa mayai machache chooni kuliko wenzao wasio na VVU, ingawa kichocho walikuwa nacho. Kinga iliyochoka ilikuwa imeacha hata kumfungulia mlango mgeni wake. Sijui mfano wa kijeshi unaoweza kubeba jambo hilo. Mimi nimejaribu na nimeshindwa.

Malaria nayo ina mambo yake. Huko Tororo, ambako mbu hawana mapumziko, utampata mtu mzima mwenye vimelea kwenye damu anayelima tangu alfajiri bila hata kuumwa kichwa. Mtoto wake wa miaka miwili akiwa na vimelea hivyo anaweza kufikia degedege. Na ndugu yao wa kyeyo, yaani wa kibarua cha ughaibuni, aliyekaa London miaka kumi, akirudi Krismasi akakataa kulala ndani ya chandarua kwa kuwa "mimi nimezaliwa hapa," huishia kwenye dripu. Kinga ya malaria haikai bila kukumbushwa. Sehemu yake moja ni kuua vimelea, na sehemu nyingine, isiyosifiwa, ni kujua kutowasha moto wote kwa ajili yao.

Sasa niingie Entebbe, kwenye utafiti ambao ningependa kila anayeuza "kinga" aupitie japo mara moja. Kati ya 2003 na 2005, wajawazito 2,507 waliandikishwa. Kwa bahati nasibu, bila wao wala wahudumu kujua nani kapata nini, wengine walipewa dawa za minyoo, albendazoli au prazikwanteli (hii ya pili ndiyo ya kichocho), wengine vidonge visivyo na dawa. Watoto wao wakafuatiliwa. Mwaka 2011 timu ya Harriet Mpairwe na Alison Elliott ilieleza jambo ambalo wengi hawakulitarajia: watoto wa mama waliopewa albendazoli walipata ukurutu utotoni kwa karibu mara mbili ya wengine. Kwa mama waliokuwa na kichocho wakapewa prazikwanteli, tofauti ilikuwa kubwa zaidi.

Minyoo hudumu mwilini kwa kuituliza kinga. Huchochea chembe T za kazi maalumu ya kutuliza, na kemikali kama intalukini-10 zinazoiambia kinga "basi, inatosha." Mama akiwa na minyoo, huenda mtoto aliye tumboni hujifunza utulivu huo pamoja naye. Ukiwaondoa minyoo wakati wa ujauzito, somo linakatika. Uingereza walikuwa wameanza kukisia jambo la aina hii mwaka 1989, pale David Strachan alipoona kwamba mafua ya chavua yanapungua kwa watoto wenye kaka na dada wengi wanaoambukizana vijidudu. Lakini kukisia kwa dodoso ni jambo moja, na kugawa dawa kwa bahati nasibu kisha kuhesabu ngozi za watoto ni jingine.

Wapo waliosoma matokeo ya Entebbe wakatoka na kaulimbiu: tuache minyoo, inatulinda. Ni upuuzi wa mtu asiyewahi kuona beseni lile la damu. Visiwa vya Koome, humo humo Ziwa Victoria, vilitoa jibu la pili. Vijiji 26 vya wavuvi viligawanywa, vingine vikapewa dawa ya minyoo mara kwa mara, vingine kwa utaratibu wa kawaida, kwa miaka mitatu. Kichocho kilipungua makali pale dawa ilipotolewa kwa wingi. Kifua cha kulia filimbi na mzio wa ngozi havikuongezeka. Inaelekea somo la tumboni na la miaka ya mwanzo halifutwi kirahisi ukubwani, au pengine minyoo waliobaki walitosha kulishikilia. Vyovyote iwavyo, dawa ya minyoo inayogawiwa kila Aprili na Oktoba katika Siku za Afya ya Mtoto iendelee kugawiwa. Mama wajawazito ndio wanaohitaji mazungumzo marefu zaidi.

Nina ugomvi na jambo moja dogo ambalo halimo kwenye mijadala mikubwa. Jirani yangu alikuja na karatasi ya maabara moja binafsi ya mjini. Mtoto wake wa miaka saba amepimwa damu "kwa ajili ya aleji", na orodha ilikuwa ndefu: karanga, mahindi, ngano, mende, nyasi. Amelipa pesa nyingi. Alitaka kujua ampe nini mtoto ambaye wiki nzima amekula mchuzi wa karanga na matoke na hajawahi hata kujikuna. Nilimuuliza mtoto amekulia wapi. Kwa bibi yake, kisiwani.

Kipimo hicho hutafuta kingamwili aina ya IgE, zile zinazokaa juu ya chembe za masti na kuzifanya zimwage histamini. Ndizo hizo hizo ambazo mwili huzitengeneza kwa wingi unapopambana na minyoo. Na minyoo, mimea na wadudu wana sukari zinazofanana juu ya protini zao. Watafiti wa Entebbe, akiwemo Gyaviira Nkurunungi, wameonyesha kwamba watu wa vijiji vya ziwani wana IgE nyingi za kuitambua sukari hiyo. Chupani, IgE hizo hunasa karanga na mende. Mwilini, mara nyingi hazifanyi lolote. Damu inasema mzio, ngozi inasema hakuna kitu. Kipimo kilichotungwa kwa ajili ya mtoto wa Stockholm kinamsoma mtoto wa Koome kwa alfabeti isiyo yake, na mzazi anaambiwa aondoe karanga, moja ya vyakula vichache vya protini anavyoweza kuvinunua. Karatasi ya maabara isiyoanza na maswali (alikula nini, midomo ilivimba, alitapika, alipumua kwa shida baada ya dakika ngapi) haina thamani ya wino wake. Mtoto ambaye majibu ya maswali hayo ni ndiyo, huyo apelekwe hospitali, na upesi.

Upande wa pili wa karatasi hiyo ni pumu, ambayo hatuioni ilhali ipo. Mpairwe alipowachunguza wanafunzi wa Wakiso, hatari ilikuwa kubwa kwa watoto waliozaliwa mjini kuliko waliozaliwa kijijini, na kwa wenye wazazi waliosoma sana. Kwa maneno mengine, watoto wa maendeleo yetu. Wengi wao huitwa "wenye kifua" na humezeshwa antibayotiki mwezi baada ya mwezi. Mwenye bahati hupewa inhela ya bluu, ya salbutamoli, ambayo hufungua njia ya hewa kwa saa chache na kuuacha mwako ukiwaka chini yake. Dawa ya mwako ni steroidi ya kuvuta, kiasi kidogo, kila siku, na kwenye vituo vingi vya umma ni adimu. Miongozo ya kimataifa iliacha mwaka 2019 kushauri salbutamoli peke yake. Vibanda vyetu vya dawa havijapata habari.

Ajabu ni kwamba steroidi hizo, tusizozipata kwa kipimo na pale penye ugonjwa, tunazo tele kwa njia ya ovyo. Deksamethasoni ya kunenepesha. Krimu za kung'arisha uso. Prednisoloni ya "maumivu ya viungo", inayomezwa miezi na mama ambaye hakuna aliyempima kifua kikuu. Bakteria wa kifua kikuu hukaa ndani ya watu wengi wakiwa wamefungiwa kwenye ukuta uleule wa chembe nyeupe nilioutaja kwenye ini. Ukiwatuliza walinzi wote kwa kidonge, unawafungulia. Kuna hata mnyoo mmoja wa tumbo, strongiloidi, anayeishi kimya miaka na miaka hadi steroidi zimpe nafasi ya kuzaliana bila breki na kuenea mwili mzima, jambo linaloweza kuua. Kinga iliyozidi inatutesa, na dawa ya kuipunguza nayo inatutesa, kwa sababu zote mbili tunazinunua kwa kukisia.

Kuna mahali tulipofanya vizuri, nako ni Gulu. Mtoto anapata mafindofindo kutokana na bakteria wa streptokoki. Koo linapona. Lakini kingamwili zilizotengenezwa kwa ajili ya bakteria huyo zinaona kwenye vali za moyo kitu kinachofanana naye, na kwa kila koo jipya linalouma vali zinapata pigo jingine, mpaka zinakuwa ngumu na kuvuja. Huo ndio ugonjwa wa moyo wa baridi yabisi. Mtoto hajui. Atajua akiwa na miaka 20, pengine akiwa mjamzito, atakaposhindwa kupanda kilima na mtungi. Katika utafiti uliofanywa kaskazini na wataalamu wa Taasisi ya Moyo ya Uganda pamoja na wenzao wa Marekani, watoto na vijana zaidi ya 100,000 walipimwa moyo kwa mawimbi ya sauti, wakapatikana wenye madhara ya awali yasiyohisiwa. Watoto 818 waliingizwa kwenye majaribio: nusu wakachomwa penisilini ya benzathini kila wiki nne, nusu wakafuatiliwa bila sindano. Baada ya miaka miwili, ugonjwa ulikuwa umesonga mbele kwa asilimia 8.2 ya wasiochomwa. Waliochomwa, asilimia 0.8.

Dawa hiyo ilikuwepo kabla ya uhuru wetu. Haiongezi kinga wala haiipunguzi. Humwondoa bakteria mapema, kinga ikose sababu ya kutoka. Ni sindano inayouma, inamtaka mtoto asiyejisikia mgonjwa arudi kituoni kila mwezi kwa miaka, nauli ya boda juu ya mzazi. Fedha za kuisambaza, pamoja na muuguzi wa kuichoma na daftari la kumkumbusha mzazi, ningezitafuta kabla sijafikiria tangazo jingine la afya kwenye redio.

Juzi nilipita uchochoro wa biashara katikati ya Kampala. Kijana ana meza ya chupa za kijani, na kipaza sauti kinaimba kinga, kinga, kinga. Nikamuuliza, kwa Kiswahili, mtu akishaiongeza ikazidi, anaipunguzaje? Akacheka, akadhani namtania. Kisha akaninyooshea kidole duka la pili, penye msalaba wa kijani mlangoni, ambako prednisoloni huhesabiwa kwenye kiganja na kufungwa kwenye kipande cha gazeti, na hakuna anayekuuliza unaumwa nini.